Makaa Chini ya Meza ya Viveka

Jiko la Viveka Sandelius lilikuwa limefunikwa. Hilo ndilo lililomkwaza Inspekta Hjördis Vallmark tangu aliposhuka kwenye gari Jumatatu asubuhi, akalizunguka mara mbili.

Lilikuwa jiko la kuchomea nyama la mviringo, lenye miguu mitatu, limesimama juu ya mawe bapa mbali kidogo na nyumba. Mfuniko ulikaa sawasawa na matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa. Vitu vyote vilivyolizunguka vilikuwa vyeusi: nyasi, uzio, banda la majani makavu lililobaki nguzo nne, na nyuma ya banda msitu wa misonobari ulioteketea mpaka mgongoni mwa kilima. Mzimamoto mmoja wa kujitolea, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi aitwaye Tage, alikuwa amelazwa hospitalini, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Na jiko lenyewe, ambalo kijiji kizima cha Lövnäset kilikuwa kinasema ndilo chanzo, lilipata masizi upande mmoja tu, kama mtu aliyepitiwa na vumbi la gari.

Birger Lönn, mtaalamu wa moto wa polisi, alivaa glavu akainua mfuniko. Ndani majivu yalikuwa yamelala kwa utulivu, yakiwa bado na umbo la makaa yale ya kubanwa kiwandani, yanayofanana na mayai madogo.

"Yamezimika yenyewe kwa kukosa hewa," alisema. "Huyu mama alimaliza kuchoma, akafunika, akaziba. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote."

"Cheche haikuweza kuruka kabla hajafunika?"

"Kwenye mawe? Halafu iruke kinyume cha upepo? Ningependa kuiona hiyo cheche."

Hjördis alimwuliza kuhusu trei ya foili iliyookotwa ufukweni, yale majiko ya kutupa ambayo watalii hununua kituo cha mafuta. Polisi wa kwanza kufika walikuwa wameipiga picha, wakatafuta vijana waliopiga hema ng'ambo ya ziwa. Birger akamwonyesha kwa kidole. Kati ya ufukwe na uwanja wa Viveka kulikuwa na mkanda wa nyasi usioungua hata kidogo, nyasi za manjano zilizokauka kwa ukame wa wiki nyingi. Moto hauwezi kuvuka nyasi kavu bila kuzigusa. Vijana wale wangeweza kuachwa wale soseji zao kwa amani.

"Basi ulianzia wapi?"

Birger alimpeleka mahali palipobaki mistari miwili ya skrubu ardhini, zimelala kwa mpangilio vile vile zilivyodondoka mbao zilipoisha. Hapo palikuwa na meza, alieleza, meza ndefu ya msonobari, na mabenchi yake. Udongo ulikuwa umeungua kwa kina zaidi mwisho mmoja, chini ya meza, mwisho wa upande wa ziwa. Kutoka hapo moto ulipanda mbao, upepo ukauchukua ukaupeleka kwenye banda. Kisha akafungua kopo dogo. Ndani mlikuwa na vipande vya makaa, vizito, vyenye mistari ya mti.

"Haya hayakutoka kwenye meza," alisema. "Meza ni msonobari. Haya ni mbetula, ule mti wa gome jeupe. Na hayafanani na yaliyo jikoni kwa Viveka; yale ni unga uliogandishwa. Haya ni makaa ya mti hasa. Mtu aliyamwaga yakiwa mekundu."

Hjördis alimwomba jambo moja: asimwambie mtu yeyote ule mwisho wa meza, hata mwendesha mashtaka. Birger alicheka, akasema mwendesha mashtaka hajawahi kumwuliza swali linalomfaa.

Faili lililokuwa ndani ya gari lilikuwa jembamba, na kila kitu ndani yake kilimwelekea mtu mmoja. Jioni ya Ijumaa Viveka alichoma nyama nje wakati wa marufuku ya moto. Jirani yake, Torgny Brask, fundi seremala mstaafu, alikuwa amewaambia polisi kwamba alivuka uzio akamwonya. Kwa maneno hayo mwendesha mashtaka alitaka kumshtaki Viveka kwa uzembe mkubwa, maana aliyeonywa na asisikie si sawa na aliyesahau. Kulikuwa na kifungo ndani ya jambo hilo. Hjördis alitakiwa kuthibitisha tu na kurudi mjini kabla ya mwisho wa siku.

Alianza kwa akina Brask, kwa sababu ndio waliokuwa karibu.

Nyumba yao ilikuwa nyekundu yenye fremu nyeupe, na mbele yake baraza lililonuka uzee. Ubao mmoja ulibonyea Hjördis alipoukanyaga. Inga-Lill Brask alimfungulia, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, nywele zimekatwa fupi, akamwambia akanyage pembeni, pale katikati pamekwisha. Aliweka kahawa mezani bila kuulizwa, na vikeki vya iliki, kisha akaambiwa kwa upole asubiri jikoni wakati mumewe anahojiwa. Alikwenda, lakini mlango hakuufunga mpaka Hjördis alipoinuka akaufunga yeye.

Torgny alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Aliyarudia maelezo yake kama alivyoyatoa Jumamosi. Alikuwa uwanjani kwake, akaona moshi kwa Viveka, akavuka.

"Ulimwambia nini hasa?" Hjördis aliuliza. "Nipe maneno yenyewe."

"Nilimwambia, Viveka, zima hilo jiko. Imekatazwa hata nyumbani kwako mwenyewe."

"Hata nyumbani kwake."

"Ndiyo. Nikamwambia hata kwenye uwanja wako hairuhusiwi tena."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akageuza nyama."

Alisema hivyo akitazama kikombe. Hjördis alimwuliza kama yeye na Viveka walikuwa marafiki. Torgny alisema ni majirani. Aliulizwa kama aliwahi kula pale, akasema mara moja moja. Aliulizwa nani alitengeneza ile meza iliyoungua, na hapo akakisogeza kikombe, akasema ni yeye, mwezi wa tano, mama yule alikuwa ameachika na amehamia peke yake, hana hata pa kuweka sahani.

Inga-Lill alipoitwa hakusubiri swali. Alimwuliza Hjördis kama ameambiwa mbao za meza ile zilitoka wapi. Zilikuwa zao, alisema. Mbao za msonobari alizokausha Torgny nyuma ya banda kwa majira mawili ya baridi kwa ajili ya baraza lile lile ambalo Inspekta ametoka kulibonyeza. Siku moja yeye Inga-Lill ametoka kwa daktari wa meno, anarudi, mbao hazipo, na ng'ambo ya uzio kuna meza ya watu kumi na wawili.

"Ulikasirika?"

"Mimi? Niliuliza tu baraza litatengenezwa lini. Akasema mbao zipo nyingi duniani."

"Alikuwa anakwenda kula huko mara ngapi?"

"Ungewauliza inzi. Wao walikuwa wanahesabu." Alivuta kikeki, akakivunja, hakukila. "Sina wivu, kama ndicho unachotafuta. Nimwonee wivu mtu anayechoma soseji mpaka zinakuwa soli ya kiatu? Anamwaga mchuzi wa chupa juu ya kila kitu. Kwa miaka thelathini na kitu mume wangu amekula samaki niliyemchoma mimi, kwa chumvi na bizari, na hajawahi kusema ni kitamu. Kule alikuwa anasema. Nilimsikia kwa masikio yangu, maji yanabeba sauti. 'Viveka, hii ni tamu.' Soli ya kiatu."

Hjördis aliuliza wao walikula nini Ijumaa jioni. Samaki wa kopo na viazi vya baridi, alijibu Inga-Lill. Nani angewasha moto kwa ukame ule?

Viveka Sandelius alikuwa amehifadhiwa kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, kwa sababu moshi ulikuwa umeingia kwenye kuta zake zote. Alikuwa mwalimu wa muziki, mdogo kwa Inga-Lill kwa miaka kumi hivi, na siku tatu hakuwa amelala. Alikuwa amezoea tayari kuulizwa maswali kama mkosaji. Mwanamke wa dukani, alisema, alikataa kumwangalia usoni. Mtu alikuwa amemwandikia kwenye simu kwamba mikono ya Tage iko juu yake.

"Ulijua kuna marufuku?" Hjördis aliuliza.

"Nilijua. Niliisoma. Kwani mimi mjinga?" Alitoa simu yake akaishika bila kuifungua. "Ijumaa ilikuwa ile ya kawaida. Huruhusiwi kuwasha moto msituni wala ufukweni wala mashambani. Nyumbani kwako, kwenye jiko lenye mfuniko, juu ya mawe, na maji karibu, unaruhusiwa. Nilikuwa na mpira wa maji umefunguliwa kabisa. Ile kali ya kukataza mpaka uwanjani kwako ilikuja asubuhi, baada ya banda langu. Walikaza kwa sababu ya moto wangu. Hakuna anayetaka kunisikiliza nikisema hivyo."

"Torgny Brask alikuonya."

Viveka aliiweka simu mapajani. Hakuwa ameambiwa jina la shahidi.

"Torgny alikuwa amekaa kwenye meza yangu," alisema. "Alileta samaki wawili, nikawachoma, akala wa kwake na nusu ya wangu. Tulizungumza habari za baraza lao. Kisha akaondoka kwa njia ya gatini kwao ziwani, alisema anakwenda na mashua kuangalia wavu wa samaki. Mimi nikafunika jiko nikaingia ndani kuoga. Nilipotoka kulikuwa kunawaka." Alisimama akaenda dirishani. "Alisema alinionya?"

Viveka alisema mtu anaweza kukosea mambo mengi kwa watu, lakini kumshtaki mtu kwa samaki uliyemla mwenyewe, hilo analisikia kwa mara ya kwanza.

Kutoka kwenye gari Hjördis alimpigia Rigmor, ofisa wa zamu wa kikosi cha uokoaji cha wilaya. Rigmor ndiye aliyekuwa ametia saini marufuku zote mbili, na alikuwa mkali kwa sababu simu yake haikupumzika tangu Jumamosi. Watu walimpigia kuuliza kama jiko la umeme ni moto, kama sigara ni moto, kama kukaanga mayai barazani ni kuchoma. Hjördis alimwuliza swali moja tu: ile kali, ya majumbani, ilianza lini?

Jumamosi asubuhi, alijibu Rigmor. Ilitangazwa redioni na kutumwa kwenye simu za watu. Kabla ya hapo hata yeye mwenyewe hakujua kwamba ataitoa.

"Kwa hiyo Ijumaa jioni hakuna mtu Lövnäset angeweza kumwambia jirani kwamba hata nyumbani imekatazwa."

"Labda kama ni mtabiri. Na kama ni mtabiri, mpe namba yangu, nina ajira."

Hjördis alikaa garini na mkono juu ya usukani. Torgny alitoa maelezo yake Jumamosi mchana. Alikuwa amesikia redio asubuhi kama kila mtu, na alipokuwa anatunga onyo lake alilitunga kwa sheria ya siku mpya. Mtu aliyevuka uzio kweli angekumbuka alichosema. Huyu hakuvuka kuonya. Alivuka na samaki mkononi. Na sasa alikuwa tayari kumpeleka mwenyeji wake gerezani.

Birger, alipopigiwa, aliona jambo hilo ni jepesi. Seremala amempenda mwalimu, mwalimu amemkataa, seremala amemwaga makaa. Amewahi kuona nyumba ikichomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hjördis alikubali kwamba inawezekana. Aligeuza gari akarudi kwa akina Brask.

Safari hii hakugonga mlango. Alizunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo kila familia ya pale huweka jiko lake, na akalikuta: jiko la chuma zito, la kuchomelewa kwa mkono, bila shaka kazi ya Torgny. Kando yake lilikuwepo gunia la makaa, limefunguliwa, na kwenye gunia pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mbetula tupu. Wavu wa jiko ulikuwa na mafuta, na mafuta yale yakinusiwa yalikuwa bado na harufu ya samaki na bizari. Lakini tumbo la jiko lilikuwa tupu. Halikuwa na majivu wala kipande cha kaa.

Torgny alitoka kwenye banda la zana, akasimama.

"Majivu mnatupa wapi?" Hjördis aliuliza.

"Kwenye mboga. Kule."

Alikwenda akatazama. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Majivu yaliyotupwa pale yangekuwa yamekaa juu ya majani kama unga. Majani yalikuwa makavu na safi.

"Mnayabeba kwa chombo gani?"

"Kwa ndoo."

"Nionyeshe."

Torgny aligeuka kuelekea ukutani, mahali palipokuwa na ndoano, na chini ya ndoano duara la kutu kwenye jiwe. Hapakuwa na ndoo. Aliitazama ndoano ile kama mtu anayesoma. Inga-Lill alikuwa ametokea kwenye mlango wa nyuma na taulo la vyombo mkononi.

Hjördis alimwambia Torgny mambo aliyokuwa nayo, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida. Kwamba Ijumaa jioni kuchoma nyumbani kulikuwa hakujakatazwa, kwa hiyo onyo lake halikutamkwa. Kwamba alikuwa ameketi kwa Viveka na akala. Kwamba moto haukutoka kwenye jiko la Viveka bali ulitokana na makaa ya mti, ya aina iliyo ndani ya gunia lile. Kwamba kusema uongo kwa polisi ili mtu asiye na hatia afungwe ni kosa peke yake, hata kabla ya kufika kwenye moto. Alimwomba avae viatu, watakwenda mjini.

"Vizuri," alisema Torgny. "Ni mimi. Andika hivyo."

"Wewe ndiye uliyemwaga makaa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alifikiri. Ilionekana hakuwa ameandaa hapo. "Tuligombana," alisema.

"Uliyamwaga wapi?"

"Chini ya meza."

"Meza ina ncha mbili, Torgny. Uliyamwaga ncha ipi?"

Aliangalia ng'ambo ya uzio, pale palipokuwa peusi, akakunja uso kama seremala anayekadiria ubao kwa jicho. "Ile ya karibu na jiko," alisema hatimaye. "Ili waseme ni jiko."

Lilikuwa jibu zuri. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Hjördis alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na kabla hajasema neno Inga-Lill alikwishaliweka taulo juu ya ngazi.

"Upande wa ziwa," alisema Inga-Lill. "Pale anapokaa yeye."

Torgny alimwambia anyamaze, akamwita kwa jina la utani ambalo Hjördis hakulishika vizuri. Hakunyamaza. Alikuwa hamwangalii Inspekta; alikuwa anamwangalia mumewe.

"Wewe ulimwambia polisi kwamba ulimwonya," alisema. "Wewe. Kuhusu Viveka."

"Nilisema."

"Ili afungwe."

"Ili wasitafute zaidi."

"Kwa nini?"

Torgny alinyoosha mkono kwenye ukuta, kwenye ndoano. "Nilitoka gatini," alisema. "Ulikuwa umekaa hapo kwenye ngazi. Viatu vyako vimelowa, na mvua hakuna. Jiko halina makaa. Ndoo haipo. Halafu nikaona moshi." Sauti yake ndogo ilizidi kuwa ndogo. "Ningefanya nini, Inga-Lill?"

Inga-Lill alisimulia basi, akiwa amesimama, na Hjördis akamwachia asimulie baada ya kumkumbusha kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Siku ile alikuwa amechoma samaki. Alitandika kitambaa barazani, kwenye baraza bovu, akaweka sahani mbili. Torgny akasema anampelekea Viveka samaki wawili wabichi mara moja tu, anarudi. Yeye akangoja. Samaki wakapoa. Sauti zikaja juu ya maji, kicheko, kisha ile sentensi, kwamba hii ni tamu. Samaki wake mwenyewe, alisema Inga-Lill. Samaki waliotoka kwenye wavu wa nyumba hii, na mwanamke yule ndiye aliyesifiwa. Aliposikia benchi linasogezwa na Torgny anakwenda gatini, alijaza makaa kwenye ndoo, akapita ukingoni mwa maji ili asionekane, akayamwaga pale penye nafasi ya mume wake. Alitaka meza tu. Alitaka aamke kesho aone meza imekuwa majivu na mbao zimerudi kuwa si za mtu. Upepo hakuufikiria. Banda hakulifikiria. Kuhusu Tage, hapo ilibidi akae. Tage alisoma darasa moja na mtoto wa dada yake.

Ndoo ilikuwa ziwani, alisema, chini ya gati lao, imejaa maji.

"Nilidhani hujui," alimwambia Torgny. "Siku tatu zote hizi umekaa humu ndani kimya, nikadhani unamlilia yeye."

Torgny alikaa kando yake kwenye ngazi. Hawakushikana. Alisema hakujua aanzie wapi. Alisema pia kwamba walikuwa wanazungumza habari za baraza. Alikuwa ameagiza mbao mpya, za mwaloni, zitafika mwezi wa nane, na alikuwa anamwuliza Viveka kama mwanamke angependa zipakwe rangi au ziachwe hivyo hivyo.

Inga-Lill aliweka mikono yote miwili usoni. Hjördis alisubiri mpaka alipoiondoa, kisha akawaambia wote wawili waingie garini, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wasizungumze kuhusu kesi njiani.

Jua lilikuwa bado juu alipopita tena kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Angeweza kupiga simu, lakini alimwona Viveka amekaa nje kwenye benchi na mto wa kulalia aliouokoa nyumbani umewekwa mapajani kama mtu anayesubiri basi. Alimwambia kwamba hatashtakiwa. Alimweleza ni nani aliyefanya, kwa maneno machache, na kwamba mwendesha mashtaka atampigia, na kwamba atahakikisha watu wa dukani wanapata habari ile upesi kama walivyopata ya kwanza.

Viveka alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia na hakufurahi. Alisema alikuwa anamjua Inga-Lill kwa salamu tu. Kila alipomwalika, Inga-Lill alisema anaumwa kichwa. Kisha akauliza ulianzia upande gani wa meza, na Hjördis, kwa kuwa sasa haikuwa siri, akamwambia.

"Pale alipokuwa anakaa Torgny," alisema Viveka. "Nilimwambia kila mara akae upande huu, moshi hauji. Hakutaka. Kutoka pale unaliona baraza lao. Inga-Lill akitokea tu nje, hata kukung'uta mkeka, Torgny alikuwa anapoteza alichokuwa anasema. Ilibidi nimkumbushe." Alikung'uta masizi kwenye mto. "Kwa hiyo ule uongo ulikuwa kwa ajili yake."

"Ndiyo."

"Angeacha mimi nifungwe."

"Ndiyo. Na uliposhindikana, alikubali kufungwa yeye."

Viveka aliangalia barabara, upande ambao gari la polisi lilikuwa limesimama, vichwa viwili vikionekana ndani yake, kila kimoja kimetazama upande wake.

"Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na tisa," alisema. "Mume wangu hakuwahi kumdanganya hata mkaguzi wa tiketi kwa ajili yangu."

Hjördis alimwambia pole. Viveka alisema hapana, kama ni pole ya jela, si jela inayomuuma. Kisha akanyanyuka na mto wake akaingia ndani, na mlango akaufunga taratibu, ili wale wa garini wasimsikie.